Nguo Nyekundu Niliyoifunga Mimi

Ukucha wa kidole changu cha mwisho, mkono wa kushoto, ulinigombanisha na ng'ombe, kisha na mama, kisha na kanisa, kwa mpangilio huo. Ulikuwa mrefu na mgumu, nimeuchonga ncha kwa tupa, na kila nilipopanda Dundori kusalimia nyumbani watu waliutazama huo kwanza kabla ya kuniuliza habari za Nakuru. Ng'ombe wetu alinipiga teke siku ya kwanza nilipojaribu kumkama nao, na sikumlaumu, maana nilimchoma pabaya. Mama alichukua ndoo mkononi mwangu, akakama mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuniomba tena nimsaidie. Ule ukimya wake uliniuma kuliko teke.

Kanisani walikuwa na maoni yao. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu nimejiunga nacho huko mjini. Kaka yangu, anayefanya kazi Olkaria kwenye visima vya mvuke, alisema wakubwa wake wangeniajiri kesho, kwa kuwa hata mitambo yao haichimbi mbali hivyo. Nilicheka pamoja nao. Sikuwa na njia rahisi ya kuwaeleza kwamba ukucha ule ulikuwa chombo cha kazi, sawa na jembe lao.

Nilianza kazi katika nyumba ile ya Milimani nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa nyumba ya Wahindi, Wagujarati, wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Niliajiriwa kufua, kupiga pasi, na kumwangalia mama mzee wa nyumba ambaye magoti yake yalikuwa yamegoma. Wote walimwita Ba, ndivyo wao huwaita mama na nyanya zao, nami nikamwita hivyo. Alizaliwa India, akaletwa Nakuru akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kilibaki kile cha kununulia sukuma wiki mlangoni. Alipotaka kusema jambo zito alihamia Kigujarati. Baada ya miaka michache nami nikawa namfuata huko, kwanza kwa kusikia, baadaye hata kwa kujibu.

Kila alasiri Ba alikaa kwenye veranda ya nyuma, akifunga. Kazi yenyewe wao huiita bandhani. Unachukua kitambaa cheupe chembamba, unakikunja mara nne, unakichora nukta kwa rangi inayotoka kwa maji. Kisha unaiinua kila nukta kwa ncha ya ukucha kutoka chini ya kitambaa, kiasi cha punje ya mtama tu, unaikamata, unaizungushia uzi mara kadhaa, unakaza, unakwenda kwa inayofuata. Kitambaa kikishajaa vifundo kinatumbukizwa kwenye rangi. Palipofungwa rangi haiingii, kwa hiyo panabaki nukta nyeupe. Ukitaka na nukta za manjano, unatia rangi ya manjano kwanza, unafunga zile unazotaka zibaki hivyo, ndipo unatia nyekundu. Kifundo kikilegea, rangi inapenya na kula nukta, na hakuna dawa ya hilo.

Mwaka wangu wa nne katika nyumba ile macho yake yalianza kumwangusha. Alikuwa akiinua kitambaa hadi puani, akikosa nukta, akikosa tena, akitukana kwa Kigujarati. Siku moja nilipokuwa napita na beseni la nguo aliniita.

"Wewe iko na macho mzuri," alisema. "Kaa hapa. Nguo ngoja."

Nikakaa. Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza alikata karibu kila kifundo nilichofunga. Alivigusa kwa kidole, kwa kuwa kuona hakuona, na kuhukumu kimoja kimoja. "Hii iko legea. Hii iko legea. Hii iko ya mlevi." Aliniambia nifuge ukucha, kwa kuwa pete ya chuma ambayo wengine huvaa kidoleni badala ya ukucha aliiita ujinga wa wavivu. Nilifuga. Nilijifunza kukaza uzi hadi ngozi ya kidole ipasuke, kisha nikajifunza kukaza bila kupasuka. Siku aliyovigusa vifundo vyangu safu nzima na kunyamaza, nikajua nimepita. Aliniita beta, neno wanalomwitia mtoto wao, na mimi nililipokea neno hilo kwa moyo wote. Nasema wazi kwamba nilimpenda yule mama. Nilimkanda magoti kila jioni na haikuwa kazi kwangu.

Ni yeye aliyenieleza desturi ya kuvuta. Kwao, alisema, nguo iliyofungwa kwa mkono haipelekwi kwa mwenyewe ikiwa imefunguliwa. Inapelekwa na vifundo vyake vyote, imejikunyata, fupi, imejaa chunusi, ndipo anayeipokea ajue kwamba ni kazi ya vidole na si ya mashine. Kisha inavutwa mbele ya watu. Mmoja huku, mwingine kule, wanavuta kwa upana, na nyuzi zinaachia zote mfululizo kwa mlio wa mahindi yanayopasuka kwenye kikaango. Hapo ndipo watu wanaona maua kwa mara ya kwanza. Hata aliyefunga mwenyewe hajawahi kuyaona.

"Na nani anavuta?" nilimuuliza.

Alijibu kwa Kigujarati, kwa hiyo nilijua hasemi mchezo. Katika kijiji cha mama yake, alisema, mwenye nguo hushika upande mmoja, na aliyeifunga hushika ule mwingine. Ndiyo shukrani yake. Watu wote wanamwona.

Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na moja ya kazi katika nyumba ile wakati mjukuu wake wa kiume alipopata mchumba. Msichana alitoka kwa watu wa Nairobi, watu wakubwa, wenye viwanda, na nyumba nzima ilianza kutembea kwa vidole. Kwao, upande wa bwana harusi ndio humpa bibi harusi nguo moja nyekundu ya kujifunika siku ya harusi, hariri iliyofumwa mistari ya dhahabu inayokata viboksi hamsini na viwili, na ndani ya kila kiboksi kunafungwa picha kwa nukta. Ua, tembo, tausi, mwanamke anayecheza. Ba alisema hataki ya duka. Kitambaa cheupe chenye mistari ya dhahabu aliletewa na dada yake kutoka India. Kuhusu vifundo, tulijua sote wawili ni vya nani.

Alichora kwa siku nne, pua juu ya kitambaa, mimi nikimshikia mkono usiteleze. Kisha akanipa.

Nilifunga kuanzia majira ya kupanda maharagwe hadi mvua za vuli zilipokatika. Asubuhi nilifua na kupiga pasi upesi upesi, mchana wote nikakaa verandani na ile hariri mapajani. Mikia ya tausi ilinichukua mwezi. Macho ya tembo niliyafunga mara tatu, kwa kuwa Ba aliyagusa na kusema tembo huyu analala. Wakati wa kuvuna viazi mama alipiga simu akisema mkono ni mmoja na shamba limeiva. Ningeweza kuomba ruhusa. Nikiwa mkweli, ruhusa ningepewa. Lakini ukucha ukivunjika shambani ningekaa miezi nikingoja mwingine, na nguo ingekwama.

"Siwezi, mama. Iko kazi ya harusi."

"Sawa," alisema. "Kazi ni kazi." Akaweka watu wa kibarua, na hakupiga tena kwa wiki tatu.

Ndipo nikaamua kumwalika. Niliona kwamba akiwepo, akaniona nimesimama katikati ya sebule ile, nimeshika upande mmoja wa nguo na bibi harusi ameshika ule mwingine, kila kitu kingepata maelezo yake. Ukucha, ng'ombe, viazi, miaka. Nisingehitaji kusema chochote. Nilimuuliza Ba kama naweza kumleta mama siku ya kuvuta, akanipapasa shavu akasema mlete. Akaniahidi bila mimi kuomba, kwa Kiswahili safari hii. "Siku ya vuta, wewe shika huku, yeye shika kule."

Tulitia rangi nyuma ya nyumba, majiko mawili, sufuria kubwa ya kupikia watu wengi, Ba juu ya kiti akiamuru kwa bakora. Manjano kwanza. Nikafunga tena wiki mbili. Kisha nyekundu, mvuke ukinichoma uso, nikigeuza taratibu kwa mti, nikiomba Mungu kila kifundo kikae. Ilipokauka ilikuwa kitu kifupi cha ajabu, kimejikunja, hakina sura. Ba aliipitisha vidoleni tangu mwanzo hadi mwisho, alasiri nzima. Hakukata hata kifundo kimoja.

Wageni walikuja Jumamosi, wiki moja kabla ya harusi. Walikuwa wanawake wa upande wa bibi harusi, magari sita, dhahabu, manukato, na bibi harusi mwenyewe aliyekuwa msichana mpole mwenye simu mbili. Mama alikuwa amefika saa tatu asubuhi kutoka Dundori na gunia dogo la viazi na mfuko wa minji, njegere za shambani kwetu, amevaa gauni lake la kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Mimi nilikuwa na gauni jipya la bluu. Nilikuwa nimesuka.

Mke wa mtoto wa Ba, mwenye nyumba, niliyemwita madam kama wafanyakazi wote mjini, alitukuta jikoni. Alizaliwa hapa hapa Nakuru na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu. Alimsalimia mama vizuri, akamshukuru kwa viazi, akasema sebule imejaa kidogo, mama akae tu hapa kwanza, atajisikia vizuri zaidi. Kisha akanipa aprani.

"Vaa hii, usichafue dress yako. Utaleta chai kwanza, halafu Ba atakuita."

Nilivaa. Ningependa kusema nilihisi kitu, lakini sikuhisi. Niliona ni busara, gauni lilikuwa jipya. Mama, ambaye hajui kukaa bure katika nyumba yoyote, alikuwa ameshaomba bakuli na kuanza kuambua minji.

"Watakuita saa ngapi?" aliniuliza.

"Nikishapeleka chai."

"Basi nenda. Na usimame wima."

Niliingia na trei ya vikombe kumi na viwili. Nguo ilikuwa tayari mezani, imetolewa kwenye sanduku lake. Kando ya Ba alikaa nyanya wa bibi harusi, mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, ambaye alikuwa amekinyanyua kipande cha nguo mikononi na kuvipapasa vifundo vilevile anavyovipapasa Ba, kwa ncha ya kidole, bila kutazama. Mtu anayepapasa hivyo amewahi kufunga. Nilijua hilo mara moja, na moyo wangu uliinuka.

"Hii imefungwa sana," alisema kwa Kigujarati. "Siku hizi hawafungi hivi. Nani amefunga?"

Nilisimama. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa Ba, na trei mkononi, na kwa kweli nilianza kutabasamu.

"Dada yangu alinifanyia mpango huko kwetu," alisema Ba. "Kuna familia moja pale wamefunga kwa vizazi. Nimewasubiri miezi tisa."

Alisema bila kukwama popote. Alieleza hata nyumba yao ilivyo, ua wa ndani, mti wa mwarobaini, mama na mabinti watatu. Alizungumza vizuri sana. Kisha macho yake yakanipata, mabovu vile yalivyokuwa, yakanijua kwa gauni la bluu au kwa kivuli, na yakahamia ukutani.

Madam alishika upande mmoja wa nguo. Bibi harusi alishika mwingine. Mtu alinyanyua simu apige picha. Wakavuta, na vifundo vikaachia, mlio mrefu uliokwenda kutoka pembe hadi pembe, nyuzi zikiruka na kudondoka kwenye zulia, na maua yangu yakatokea. Niliwaona tembo kwa mara ya kwanza nikiwa nimeshika trei. Macho yalikuwa wazi. Nukta zote zilikuwa nzima, nyeupe na manjano juu ya ule wekundu, hakuna iliyoliwa. Wanawake walipiga makofi na kuanza kuimba, na mimi nilisimama pale kama meza.

Nyanya wa bibi harusi alinyoosha mkono achukue kikombe. Kidole changu cha mwisho kilikuwa ukingoni mwa trei, ukucha wake umeelekea kwake. Aliuona. Nilimwona akiuona. Alitazama ukucha, akanitazama usoni, akageuka akamtazama Ba, muda mrefu kidogo. Alijua kila kitu. Nikamsubiri aseme.

Alikunywa kidogo. "Chai hii ina tangawizi nzuri," aliniambia kwa Kiswahili.

Nilimaliza kugawa vikombe. Sijui nilifanyaje lakini nilimaliza, na sikumwaga. Niliporudi jikoni mama alikuwa amesimama, minji imemwagika sakafuni, mikono ameishikanisha kifuani.

"Nimesikia," alisema kwa Kikuyu. "Nimesikia ikilia, nikasikia wanapiga makofi."

Nikaweka trei kwenye sinki.

"Na trei uliweka wapi wakati unavuta?"

Kama angeniuliza swali lolote lingine ningemwambia. Lakini lile lilikuwa dogo mno, na jibu lake lilikuwa dogo.

"Nilimpa mtu anishikie," nilisema.

Alikaa kwenye kiti na kulia. Mama yangu halii. Alisema alidhani nimepotelea mjini, kwamba ukucha ule ulimkosesha usingizi, kwamba alikuwa ameniombea kwa jina kila Alhamisi mbele ya akina mama wenzake, na sasa ameelewa. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akautazama ule ukucha karibu, akaupiga busu. Niliinama nikaanza kuokota minji.

Kesho yake jioni, nikimkanda magoti, nilimuuliza Ba kwa Kigujarati kwa nini. Sikupaza sauti.

"Wangejua ni mfanyakazi wa nyumba aliyeifunga, wangeirudisha kwenye sanduku," alisema. "Wangeshukuru, wakairudisha, na siku ya harusi angevaa nyingine waliyonunua wao. Wewe huwajui watu wale. Ulitaka ivaliwe au hukutaka?"

"Nilitaka ulichoniahidi."

"Nilipoahidi nilikuwa na nia nayo. Walipoingia na magari yao nikaogopa."

"Na mama yangu je? Uliniambia nimlete."

Alisema tu kwamba mimi ni beta wake na beta huelewa. Niliondoa mikono magotini mwake nikajifuta mafuta. Hasira niliyokuwa nayo ilinishangaza mwenyewe, maana haikuwa na moto, ilikuwa imekaa tu kifuani mwangu na kujaa. Kama angesema hanifahamu ingekuwa nafuu. Alinifahamu kuliko mtu yeyote mjini, alikuwa amekipitia kila kifundo changu kwa kidole chake, na bado mdomo wake ulipata mti wa mwarobaini na mabinti watatu wa kuweka mahali pangu.

Bibi harusi aliivaa. Nilionyeshwa picha kwenye simu. Na siku ya tatu baada ya harusi, Ba aliniita verandani, akafungua karatasi, ndani yake hariri nyingine nyeupe yenye mistari ya dhahabu. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameipenda nguo ile hata akamwomba Ba amwombe dada yake awaombe wale watu wa India wamfungie na yeye, kwa ajili ya binti yake.

"Anza na tausi," Ba alisema. "Tausi wako ni wazuri."

Nilikunja ile hariri, nikairudisha kwenye karatasi, nikaiweka mapajani mwake. Nilimwambia nakwenda nyumbani Krismasi. Sikumwambia sirudi, lakini niliondoka na begi langu lote.

Dundori nilikuta habari imenitangulia. Mama alikuwa amesimulia kanisani, kwenye chama, na dukani alikonunulia unga. Mama wa kwaya aliyeniuliza nimejiunga na nini alikuja kunipa mkono. Wasichana walitaka kuuona ukucha. Mama alisimulia mbele yangu, na kila aliposimulia aliongeza kitu, mara bibi harusi alinikumbatia, mara walinivisha shada la maua, akanigeukia nithibitishe, nami nikathibitisha. Siku nyingine niliongeza mwenyewe. Nilisema nguo ilikuwa nzito. Nilisema mikono iliniuma siku mbili. Nilijifungia nje ya ukweli kwa mikono yangu, na nilikuwa nafanya hivyo huku namchukia Ba kwa kufanya vilevile. Simu zake nilizikata. Ukucha sikuukata, kwa kuwa ningemwambia mama nini?

Februari, alasiri moja, tulikuwa uani tunachambua viazi vya mbegu, mama, mimi na majirani wanne, gari jeupe likapanda na matope hadi madirishani. Dereva alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kumtoa Ba, mguu mmoja baada ya mwingine. Hakuwahi kupanda Dundori maishani mwake. Alivaa sweta mbili juu ya sari na bado alitetemeka.

Nilijua alichofuata. Shangazi yule alikuwa bado anasubiri. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, tangu Desemba nilikuwa nayaandaa, na nilisimama niyaseme kabla hajakaa. Lakini mama alinipita. Alimshika Ba mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti chetu kizuri, akamfunika magoti kwa leso yake mwenyewe, akaagiza chai. Alipohakikisha mgeni ametulia, na majirani wote wamekaribia, alizungumza kwa Kiswahili chake cha taratibu, kile anachotumia kanisani.

"Mama, nimetaka kukushukuru siku nyingi. Vile ulimpatia msichana wangu heshima. Kumwacha ashike nguo mbele ya hao watu wote, avute na bibi harusi. Hakuna mtu ashawahi tufanyia kitu kama hiyo. Mungu akubariki."

Ba hakuelewa kwanza. Nilimwona akilitafuta jambo lenyewe. Kisha akageuza uso wake polepole kunitafuta mimi, akanipata, nikiwa nimeshika birika, na nilijua ameelewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa nafasi ndefu. Nilitazama chini.

"Vuta mzuri sana," Ba alimwambia mama. "Mkono yake haiogopi. Watu yote nasema, huyu iko mtoto ya nani?"

Alisema bila kukwama, kama siku ile sebuleni. Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na majirani walipiga makofi. Ba aliendelea, akasema kuna kazi nyingine kama ile inaningoja, kubwa, ya harusi ya watu walewale, na kwamba amekuja mwenyewe na magoti yake mabovu kuniomba nirudi.

Mama alinigeukia, uso umemchangamka, akaniambia kwa Kikuyu nikapange nguo zangu, kwa kuwa mtu aliyenipa heshima kama ile haiwezekani apande hadi hapa na ashuke bila mimi. Nilitafuta neno ambalo lingemkataa Ba bila kumvua mama kila alichowasimulia watu wale waliomzunguka. Nilitafuta kweli. Kisha nikaweka birika chini, nikaingia ndani, nikavuta begi kutoka chini ya kitanda.